Muuaji wa Ijumaa

Eknath Gavhane alipoua familia ya watu watano kwa shoka, mama yake alifunga kula kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kisha akaanguka kifudifudi juu ya majani ya bidi, zile sigara ndogo za majani, aliyokuwa akiyasokota. Majirani wa pale Solapur walimmwagia maji, wakamnywesha glukosi, halafu wakampigia mwanawe simu Mumbai. Walimwambia apunguze kuua watu, mama anakwisha.

Eknath alikuwa mwigizaji. Kipindi chao kiliitwa Mlango wa Jela, na kila Ijumaa kilichukua mauaji yaliyotokea kweli mahali fulani nchini kikayaigiza upya, majina tu yakibadilishwa. Waigizaji walikuwa wale wale mwaka nenda mwaka rudi, na aliyepewa kazi ya kuua alikuwa yeye. Alikuwa na mashavu yaliyobonyea na macho mekundu ya mtu asiyelala, na waongozaji wakimwona tu hawakutaka kutafuta mwingine. Alinyonga wake za watu kwa sari zao. Alisukuma wazee visimani, akachoma wakwe, akaiba watoto mapacha kwenye gulio na kuwauza. Mwisho wa kila kipindi alikamatwa na kupigwa, kwa sababu watazamaji hawalali vizuri bila kuona muuaji akipigwa.

Mama yake, Rakhmabai, hakuwa mjinga. Alijua damu ile ni rangi. Mwanawe alipompigia simu kumsihi aache upuuzi wa kufunga, alimjibu taratibu kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu.

"Najua ni mchezo, mwanangu. Lakini yule mtu alikufa kweli, na aliyemwua sasa ana sura yako. Nani atakuombea kama si mimi?"

Basi ikawa akiua mmoja, mama anafunga Jumatatu moja. Akiua wawili, mama siku mbili. Eknath alianza kuzipokea hati za kuigiza kwa kuhesabu maiti kabla ya kusoma kitu kingine.

Haikuwa ndoto yake kuishi hivyo. Alitoka Solapur kijana, mtoto wa mfumaji aliyekufa kiwandani mkono wake ukiwa umevutwa na mashine mpaka begani, na alikuja Mumbai akiamini ana kipaji. Kipaji alikuwa nacho. Lakini kazi ya kwanza aliyopata kwenye filamu ilikuwa kupigwa kofi na shujaa sokoni, na shujaa mwenyewe alikuwa mtu wa majivuno asiyependa mazoezi. Kofi likatua kweli, jino likang'oka, mwongozaji akapiga makofi kwa furaha na kuomba wairudie. Waliirudia mpaka Eknath akawa anatema damu kwenye leso na kurudi mahali pake akitabasamu, maana aliyelalamika hakuitwa tena.

Aliyemwokoa na maisha hayo ya kupigwa kama mbwa koko alikuwa Sudhakar Pendse. Sudhakar ndiye aliyekuwa Inspekta wa Mlango wa Jela, mtu mnene mwenye masharubu mazuri na sauti ya kuamrisha hata anapoagiza chai. Alimchukua Eknath kando siku ya kwanza akamfundisha kofi la kamera. Mkono hupita mbele ya uso bila kugusa, anayepigwa hugeuza shingo papo hapo, na mtu wa tatu hupiga viganja pembeni ili sauti ipatikane. Kamera ikikaa upande mmoja haioni ule mwanya. "Wewe nitazame begani," Sudhakar alimwambia. "Bega likienda, shingo iende. Mimi sitakugusa, ndugu yangu. Naapa kwa mama yangu."

Na hakumgusa. Kwa miaka yote ile alimpiga makofi, mateke na rungu la polisi, na hakumgusa hata mara moja. Waliomgusa walikuwa wengine. Mwongozaji mmoja alimzamisha kichwa kwenye pipa la maji mpaka mapovu yaonekane ya kweli, Eknath akazimia. Mwingine alimtundika kwa kamba iliyotakiwa kufunguka, isifunguke. Nje ya kazi hali ilikuwa hiyo hiyo. Kwenye treni, kituo cha Dadar, mama mmoja asiyemfahamu alivua kiatu akamchapa nacho kichwani kwa ajili ya wale mapacha. Muuza visu wa Andheri alikataa katakata kumuuzia kisu cha kukatia vitunguu. Eknath alicheka alipowasimulia wenzake, ila kucheka kwenyewe kulikuwa kwa mdomo tu.

Ndipo ikaja habari ya filamu ya mwalimu. Mwongozaji mmoja mwanamke alikuwa akitafuta mtu wa makamo acheze mwalimu wa shule ya kijijini, mtu mpole anayefundisha watoto wa wakata miwa na hampigi yeyote mwanzo hadi mwisho. Eknath alikwenda kujaribiwa. Sudhakar naye alikwenda, kwa kuwa alikuwa amechoka na zile sare za khaki. Mwongozaji yule alimtazama Eknath akifuta ubao, akasema mashavu yale yale yanayotisha ndiyo yanayomfanya aonekane mtu aliyewahi kulala njaa. Akampa nafasi. Sudhakar alimkumbatia, akanunua vitamu vya maziwa viitwavyo pedha akawagawia wote, ila yeye mwenyewe hakuonja.

Eknath alimpigia mama yake. Alimwambia kuna filamu inakuja na humo hataua mtu, hata kuku. Rakhmabai akauliza kama mwalimu huyo ana mama. Eknath akasema hajui. "Mwambie mwongozaji awe naye," mama akasema, na alipokata simu alikuwa akicheka.

Ilibaki kesi moja tu ya Mlango wa Jela. Walikwenda kuipiga picha kwenye kijiji kimoja njia ya Nashik, na mchana wakati wenzake wanakula, Eknath alitoka kunyoosha miguu akiwa na nguo zake za kawaida. Siku hizo simu za watu zilikuwa zimejaa uvumi wa wezi wa watoto. Ng'ambo ya mfereji alimkuta mtoto wa kike ameshindwa kuvuka na mwanambuzi wake. Akambeba yule mtoto, akamvusha. Hilo tu ndilo kosa lake.

Mwanamke aliyekuwa akichota maji alimwona. Uso ule aliujua. Hakukumbuka ameuona wapi, lakini alikumbuka vizuri kabisa ulikuwa wa mtu anayekimbia na watoto, na akapiga ukelele uliowatoa watu wa kijiji kizima mashambani.

Walimkuta bado ameshika mkono wa mtoto. Wa kwanza alimpiga mgongoni kwa mpini wa jembe, na alipopiga magoti wa pili akamkanyaga shingoni. Eknath alijaribu kusema yeye ni mwigizaji. Mzee mmoja akamshika nywele, akamwinua uso juani, akauchunguza.

"Huyu namjua," akasema. "Nimemwona kwa macho yangu, kafungwa pingu. Alitoroka lini?"

"Ile ilikuwa TV, mzee. Mimi ni mwigizaji tu."

"Na mimi ni Waziri Mkuu," kijana mmoja akasema, akampiga jiwe la kichwa.

Hapo kikashuka kipigo cha mbwa mwizi. Fimbo, mateke, minyororo ya baiskeli. Kuna aliyekuja na kopo la mafuta ya taa, na wengine wakamwambia asubiri kwanza, bado zamu yao. Eknath alikuwa ameshakufa mara nyingi mbele ya kamera na alidhani anajua kufa kulivyo. Hakujua lolote. Aligundua kwamba mtu anayeuawa kweli hapigi kelele. Anatafuta pumzi tu.

Ndipo wakasikia honi. Lilikuwa jipu la kipindi, lenye neno Polisi ubavuni, na ndani yake Sudhakar peke yake, bado na khaki mwilini, bado na rungu mkononi. Alishuka. Watu wakapisha kidogo, si sana. Kijana yule yule aliyejiita Waziri Mkuu akatoa macho.

"Jamani, ndiye Inspekta mwenyewe. Yule wa kwenye TV."

Sudhakar alielewa mara moja. TV ile ile iliyomfanya Eknath mwizi ilikuwa imemfanya yeye polisi, na akifungua mdomo kusema wote wawili ni waigizaji watachomwa pamoja. Akawaambia kwa sauti yake ya kazini kwamba amemtafuta mtu huyu mwaka mzima, na sasa anampeleka ndani. Mwenye kopo la mafuta akasimama mbele ya jipu.

"Mkifika kituoni mnampa chai, bwana mkubwa, kesho yuko nje. Mpige hapa hapa tuone."

Sudhakar akamwinua Eknath kwa ukosi. Bega likaenda, na Eknath, ingawa jicho moja lilikuwa limeshafunga, akageuza shingo kama alivyozoea miaka yote. Lilikuwa kofi zuri. Lakini huko hapakuwa na kamera iliyokaa upande mmoja. Watu walikuwa wamewazunguka pande zote, na wa nyuma waliuona ule mwanya.

"Halijafika hilo," sauti moja ikasema. Kisha nyingine ikauliza Inspekta amekula kiasi gani kwa huyu mwizi. Duara likasogea ndani.

Sudhakar akamvuta Eknath karibu, mdomo sikioni.

"Usigeuke," akamwambia.

Eknath akaelewa, akasimamisha shingo. Alitazama bega likirudi nyuma, na kila mshipa mwilini mwake ulitaka kugeuka, akajikaza. Rungu likatua tayani. Alisikia mfupa ukikatika kabla hajasikia maumivu. Likatua tena juu ya shavu, ngozi ikachanika mpaka jinoni, na watu wakashusha pumzi kama walioshiba. Pigo la tatu likavunja pua. Katikati ya pigo la pili na la tatu Eknath aliyaona macho ya rafiki yake, na akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona mle katika miaka yote ya kupigwa bila kuguswa. Halafu akaanguka. Sudhakar akamburuta mguu mmoja mpaka kwenye jipu, akamtupa nyuma, na mwenye kopo akapisha njia. Wengine walimpigia Inspekta saluti.

Hospitali walimfunga taya kwa waya. Mwongozaji wa filamu ya mwalimu alikuja kumwona, akakaa kitandani, akalia kwa uchungu wa kweli, lakini upigaji picha haungeweza kungoja uso upone, na daktari alishasema hautarudi ulivyokuwa. Eknath akapelekwa Solapur kwa mama yake. Rakhmabai alimnywesha uji wa mtama kwa mrija, na Jumatatu ya kwanza alikaa mbele yake akala chakula kizima mchana kweupe.

"Wiki hii hukumuua mtu," alimwambia. "Umepigwa wewe. Hiyo haina kufunga."

Eknath alilia, akacheka ndani ya waya, ikamuuma. Alichokitaka, mama aache kufunga, alikuwa amekipata, na alilipa kwa uso ule ule ambao ungempa hicho.

Sudhakar alifika Jumapili iliyofuata, amenyoa masharubu. Eknath alipomwona hajakaa alishajua. Mwalimu hana masharubu. Rakhmabai alimkaribisha kama mgeni yeyote, akampa mkate wa mtama wa moto na chatini ya karanga, akangoja aweke tonge la kwanza mdomoni ndipo akauliza.

"Ndiwe uliyempiga?"

"Ndimi, mama."

"Bila hivyo wangemchoma."

"Wangemchoma." Sudhakar akaweka tonge chini. Alimtazama Eknath, si mama. "Lakini mgongo ulikuwepo, ndugu yangu. Damu ilishakujaa mwili mzima, wangetosheka na mgongo. Pigo la kwanza sikuwa na la kufanya, nilitaka waone. La pili na la tatu nilijua napiga uso wa nani, na uso huo una kazi gani mbele."

Eknath alijaribu kumchukia mtu huyu akashindwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hai. Alijaribu kumsamehe, akapapasa shavu lake, akashindwa vilevile. Rakhmabai alikuwa ameacha kusokota bidi. Alimsogezea Sudhakar sahani.

"Maliza chakula," akamwambia. "Kesho mimi sitakula. Nilizoea kufunga kwa ajili ya huyu, na huyu hakuwahi kumgusa mtu. Sasa nitafunga kwa ajili yako."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka nione imetosha."

Sudhakar alikula mkate wote huku akitokwa na machozi, akaondoka na basi la jioni kwenda kuwa mwalimu.

Tangu hapo kila Jumatatu mchana simu ya Eknath hulia. Huwa ni Sudhakar, anapiga kutoka kwenye filamu wakati wa kubadilisha taa, na huwa na swali moja tu, kama mama amekula. Eknath humtazama Rakhmabai aliyekaa mlangoni na kapu lake la bidi, midomo imemkauka.

"Hajala," humjibu kupitia waya za taya.

Sudhakar hakati simu. Nyuma yake husikika watoto wakiimba herufi za kwanza, na mtu akimwita mwalimu arudi darasani.