Mama Alipobaki na Kinyiramba

Wiki ambayo mama alipata kiharusi, nilikuwa nafundisha mfumo wa fahamu darasa la sita. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili. Watoto walinakili, tukasoma kwa sauti mara tatu, nikafuta. Sentensi hiyo nimeifundisha miaka kumi na moja na kuitungia maswali ya kila namna.

Mama mdogo alinipigia simu kutoka Nduguti, alikokuwa akiishi na mama tangu baba afariki.

"Dada yangu kaangusha kikombe, haokoti," alisema. "Namuuliza, ananitazama tu."

Nilipanda bodaboda nikiwa na chaki mkononi. Hospitali, daktari alipoanza kunieleza upande wa ubongo ulioumia, mimi ndiye niliyemalizia sentensi yake. Akaniuliza kama ni muuguzi. Nikamwambia hapana, mwalimu. Kisha akaomba nimsaidie kumgeuza mama kitandani, na hapo nikaona kwamba nilichokijua hakikuwa kimefika mikononi. Sikujua nimshike wapi. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine aliyelala juu yake.

Niliwachukua wote wawili, mama na mdogo wake, tukakaa kwenye nyumba yangu ya mwalimu, vyumba viwili na uwanja wa udongo. Asubuhi nilimwogesha mama, nikaenda shule, mama mdogo akabaki naye. Mchana nilirudi kumlisha. Jioni nilifua mashuka. Kwa wiki nyingi hakusema neno. Siku aliyosema, alisema Kinyiramba, lugha ya kwao, na kwa muda mrefu hakusema kingine.

Lazima nieleze kwa nini jambo hilo lilinipiga. Baba alikuwa mfanyabiashara wa Singida mjini, na watu wake walitoka sehemu nyingi, wengine pwani, kwa hiyo nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili tu. Mama alijifunza Kiswahili alipoolewa, akakizungumza na sisi, akatugombeza nacho, akatuimbia nacho. Kinyiramba alikiweka kwa ajili ya dada zake walipokuja. Sisi watoto tulisikia kicheko tu tukaenda kucheza. Sasa kile Kiswahili cha ndoa na cha watoto kilikuwa kimeondoka, na mimi, mwanawe wa kwanza, nilikuwa nimekaa mbele yake kama mgeni.

Nilifanya nilichozoea kufanya. Nilinunua daftari. Nikachora mstari katikati ya kila ukurasa, kushoto maneno ya Kinyiramba aliyonitajia mama mdogo, kulia maana zake, nikayakariri njiani kwenda shule. Mama naye nilimwekea vipindi. Nilishika kitu mbele ya uso wake.

"Mama, sema: kikombe."

Alifumba macho.

"Sema: kijiko."

Mama mdogo alikuwa akikata majani ya mlenda mlangoni. Alisema bila kuinua kichwa, "Unamsomesha kama mtoto wa chekechea. Kakaa na mume miaka yote hiyo kwa hicho Kiswahili chako."

Niliona kwamba yeye ndiye asiyeelewa.

Halafu ikaja Jumamosi moja mama mdogo alipokwenda kusaga. Mama alisema neno. Akalirudia. Akalirudia tena, sauti ikipanda. Nilijua nimeshaliandika. Nikakimbilia daftari nikawa napekua kurasa, na nilipolipata, mstari wa tatu kutoka chini, lilikuwa na maana ya kuomba kupelekwa chooni. Nilipogeuka, kitenge chake kilikuwa kimelowa na yeye alikuwa ametazama ukutani. Nilimbadilisha kitenge. Neno hilo sijalisahau tena, na sikulihitaji daftari kulikumbuka.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa ametupa mpira mdogo wa kubinya, mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni. Mama aliuangusha. Nikauokota, nikahesabu, moja, mbili, akauangusha. Ilifika mahali nilikuwa nauokota kwa hasira, na yeye anaona hasira hiyo. Tukauacha kwenye kona.

Siku moja nilikuwa nachambua mtama kwenye ungo karibu na kiti chake. Nilikuwa nimechoka, natoa changarawe moja naacha tatu. Mama alinitazama kwa muda. Kisha ule mkono wake wa kulia ukaanza kutembea juu ya paja, polepole, ukafika kwenye ungo. Vidole viwili vikahangaika, vikateleza, vikahangaika tena, vikatoka na kajiwe. Akakatupa chini. Alisema kitu kifupi kwa Kinyiramba. Mama mdogo akatafsiri: "Anasema, unataka kutuvunja meno."

Kuanzia hapo nilimwekea ungo kila siku. Changarawe kumi, kisha ishirini. Mtama wetu ulikuwa debe moja tu, ukaisha kuchambuliwa. Ndipo nikafanya ujanja wa kimwalimu: niliokota changarawe alizokwisha kutupa, nikazichanganya upya kwenye mtama, nikamletea. Alianza vizuri. Akatoa ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilikuwa nyekundu, ina ncha. Akaishika mbele ya macho yake muda mrefu, kisha akaniangalia mimi. Aliusukuma ungo kwa mkono wa kushoto na mtama wote ukamwagika uwanjani. Kuku wakaja.

Alizungumza sana siku hiyo. Mama mdogo hakutafsiri, na sikuomba. Jioni niliinama kuokota mtama ule chembe kwa chembe, mgongo ukiniuma, nikawaza ni maswali mangapi nimewapa watoto ambayo yalikuwa kama zile changarawe, yameshajibiwa, na wao wanajua yameshajibiwa.

Kesho yake nilikwenda kwa jirani nikaomba mtama wake ambao haujachambuliwa. Nikamwambia mama, kwa Kinyiramba changu kibovu, kwamba ni wa mtu na anausubiri. Alivuta ungo mwenyewe.

Darasani nilijaribu kitu. Niliwaambia watoto wafunge mkono wa kulia kwa kitambaa kipindi kizima, wafungue vifungo, waandike majina yao, wavue viatu. Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Msichana mmoja anayekaa nyuma, ambaye huwa haulizi, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, ubongo ukiumia, maneno yanakwenda wapi?"

"Sijui," nilisema. Lilikuwa swali la kwanza kwa miaka mingi ambalo sikuwa na jibu lake kwenye andalio la somo.

Ningependa kusema nimefundisha hivyo tangu siku ile. Mwalimu mkuu aliniita akaniambia kwa upole kwamba mada zimebaki nyingi na muhula unaisha, na alikuwa sahihi. Siku nyingi naingia darasani nimelala saa chache, naandika ubaoni, wananakili, tunasoma kwa sauti. Mara moja moja nikipata nguvu nawaletea kitu cha kushika.

Mama sasa anatembea na fimbo mpaka chooni na kurudi. Mkono wake unachambua nafaka lakini hauwezi kusonga ugali. Kiswahili kimerudi vipande vipande: anaitikia shikamoo za wanafunzi wanaopita, anamwita kila mtu mwanangu, na neno "basi" analitumia kwa mambo yote. Wanawake wa jirani wanamletea mtama na kunde, wanakaa, wanaongea naye Kinyiramba chao.

Mimi nakiongea kama mtoto wa miaka minne. Jana nilirudi na rundo la madaftari ya kusahihisha, nikamuuliza kama amekula. Alinirekebisha neno la katikati. Nikalisema upya, akatikisa kichwa. Nikalisema tena. Mama mdogo alikuwa akicheka jikoni. Miguu ilikuwa inawaka moto, nilitaka kukaa tu, lakini mama alikuwa amenikazia macho, anasubiri niliseme sawasawa.