Siku Ekzosi ya Tata Iliponyamaza

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule Muleba, mtu akija nyumbani ulimsikia kabla hujamwona. Wenzangu mliokulia migombani mnanielewa. Kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kinaficha. Unasimama mlangoni na nyumba ya jirani huioni, unaona majani tu, kwa hiyo masikio ndiyo yanafanya kazi ya macho. Tulimjua bibi jirani kwa kikohozi, tulimjua mwalimu kwa baiskeli yake iliyolia mnyororo, na mlevi tulimjua kwa wimbo, tena tulijua amekunywa rubisi ya nyumba gani. Vijana wa leo wameziba masikio kwa vile vidude vya muziki. Unamwita mjukuu yuko chumba cha pili, hasikii, mpaka umpigie simu. Nayo anaikata.

Basi Tata, yaani baba yetu, alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, na kanisa lilimpa pikipiki ambayo wengine walikwisha kuichosha. Ilikuwa ya zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli. Ikipita inaacha moshi wa buluu, na sisi tulikimbia nyuma tukiuvuta moshi ule kwa pua zote mbili, tukauona mtamu. Siku hizi wanasema unaua. Mimi sijui, nimeuvuta toka utoto na bado nipo, ila meno ndiyo yamekwisha, na meno hayavuti moshi.

Ekzosi yake ilioza mapema kwa sababu ya mvua zetu. Tata hakuwa na ya kubadilisha. Akachukua kopo la mafuta ya kupikia, akalikata, akalizungushia pale penye tundu na kulibana kwa waya. Toka siku hiyo pikipiki ikaanza kukohoa. Ilikuwa inakohoa mara mbili halafu inapiga mluzi, kho-kho-fyuu, na ule mluzi ulitoka kwenye kopo. Hakuna pikipiki nyingine iliyolia hivyo kutoka Muleba mpaka Bukoba. Mkristo aliyekuwa na pombe uvunguni alikuwa na muda wa kutosha kuihamisha.

Na sisi watoto vilevile. Tulikuwa tunateleza kwa magome ya migomba kule mteremkoni, kaptula zimetoboka nyuma, au tunapiga mpira wa majani makavu ya mgomba, ule mpira wa kufunga kwa kamba, ukilowa unakuwa mzito, ukikupiga tumboni unakumbuka dhambi zako zote. Ghafla tunasikia kutoka kule rweya, kwenye nyasi za mwinuko, kho-kho-fyuu. Mungu wangu! Huyu anashika fagio, huyu anashika ndoo, mimi nashika kitabu. Siku moja nilikishika juu chini. Tata akaniangalia, akasema, "Kamugisha, hilo neno la Mungu unalisoma kutoka mbinguni kuja chini?" Nilichapwa, lakini hata yeye alikuwa anacheka. Shule yenyewe niliiachia darasa la nne, kwa hiyo mkiona maandishi yangu yanayumba mnisamehe, yanapita barabara ya vumbi.

Lakini aliyeijua ile ekzosi kuliko sisi sote alikuwa Mama. Akiisikia kule juu alijua aweke maji jikoni au asubiri. Alijua Tata ana njaa, alijua ana hasira, alijua amepakia mtu. Alisema, "Leo inakohoa kwa uzito, kuna mgeni nyuma." Kweli, mgeni anashuka. Basi mgeni anaketishwa, na Mama anapiga magoti, anamtolea kikapu kidogo cha mfuniko chenye kahawa za kutafuna, zile kavu zilizochemshwa na majani yenye harufu. Mgeni anachukua mbili tatu, anatafuna, ndipo maneno yanaanza. Mimi nilinyoosha mkono siku moja na mimi nipate. Tata akanipiga kidogo kwenye vidole. "Mgeni hupewa kahawa," akasema, "mtoto hupewa jembe." Nikaenda kulima huku nanung'unika. Laiti ningejua.

Miaka ikapita. Tata alifariki, tukamzika pale pale kibanjani, na pikipiki ikawa yangu. Nimeitunza. Pistoni si ile, gurudumu si lile, kiti nimeshona mwenyewe, lakini ekzosi na kopo lake niliiacha. Likioza kopo naweka kopo jingine, nabana vilevile. Nikahamia mjini Bukoba, Hamugembe, nikaanza biashara ya samaki. Mitumbwi inatoka Bumbire, inatua ufukweni huko Muleba, mimi nanunua na kupakia tenga nyuma, narudi mjini kuuza. Na barabara ya kwenda na kurudi, wenzangu, inapita chini ya nyumba ya Mama. Mama yupo. Amezeeka sana, macho yamefunga, anaishi na mpwa wangu wa kike. Mimi nilikuwa napita. Niliona hanioni, na migomba imeziba, na samaki jua likiwapiga wanageuka. Nilikuwa najiambia, Krismasi nitakwenda na sukari.

Sasa kilichonipeleka kubadilisha ekzosi ni aibu, na hiyo aibu ilikuwa ya kijinga. Vijana wa bodaboda kijiweni walikuwa wakiniona wanaanza kukohoa wote. "Shikamoo mzee! Mpeleke mgonjwa hospitali, atatuambukiza!" Mwingine anasema, "Msimcheke, hiyo pikipiki ilimbeba Nuhu kwenda kuangalia mbao." Wanacheka, nami nacheka, lakini moyoni inachoma. Jumapili moja niliwahi kuondoka kanisani mapema, nikaipiga kiki pale nje, mchungaji akanyamaza katikati ya mahubiri mpaka nilipofika mbali. Jioni mke wangu akaniambia, "Mimi na wewe tutakwenda kanisani kwa miguu, au wewe uende peke yako na huyo ndugu yako anayekohoa."

Nikaenda kwa fundi Deo. Nikamwambia nataka ekzosi mpya. Akacheka, akasema ya pikipiki hii haitengenezwi tena, tutaweka ya pikipiki nyingine tuifanyie ujanja. Alikuwa na moja ya Kichina, inang'aa, imefungwa nailoni. Kazi haikuwa ndogo. Nati za pale kwenye kichwa cha injini zilikuwa zimeshikana na kutu tangu Tata yu hai, akazipaka oili, akazipasha moto, moja ikakatika na kubaki ndani, ikabidi itobolewe. Shingo ya bomba jipya ilikuwa imepinda upande wake, akaikata akaichomelea upya. Akakata gasketi, akachomelea kipande cha chuma cha kushikia mkia usining'inie. Halafu akarekebisha kabureta, maana alisema mashine iliyozoea kupumulia tundu la kopo, ukiipa pua nzuri inapaliwa. Mwanzoni, alipofungua lile bomba la zamani, waya ulikatika, kopo likadondoka chini. Nililiona pale kwenye oili. Sikuliokota.

"Piga kiki mzee."

Nikapiga. Jamani! Ilinguruma taratibu, mmm, mmm, sauti ya mtu aliyeshiba. Nikapita kijiweni polepole makusudi. Hakuna aliyekohoa. Mmoja akavua kofia. Nilijiona askofu.

Na safari iliyofuata ya kwenda kununua samaki, nilisimama kwa Mama. Msinisifu. Sikusimama kwa kumkumbuka, nilisimama nikajionyeshe. Nilitaka asikie pikipiki ya mumewe ilivyopona. Nikaingia nayo mpaka uani, nikaizima. Mpwa wangu alikuwa shambani. Mama amekaa ndani karibu na mlango, fimbo mapajani.

"Hodi!"

"Karibu, ingia mgeni. Shikamoo niitoe mimi au uitoe wewe? Macho yangu hayaoni umri."

"Shikamoo Mama. Ni mimi."

"Marahaba. Mimi wako wengi."

"Kamugisha, Mama. Mwanao."

Akatikisa kichwa. "Kamugisha namjua. Pikipiki yake inakohoa. Hii yako haikohoi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikasema, "Nimeweka ekzosi mpya, Mama. Sauti yangu huijui?"

"Inafanana," akasema. "Ninyi wa mjini sauti zenu zinafanana. Kaa, mgeni. Mwanangu ana shughuli nyingi. Anapita hapo chini. Asubuhi anakwenda ziwani, jua likigeuka anarudi. Nikimsikia kule mwinuko nasema, leo. Namwambia binti aongeze ndizi sufuriani. Halafu namsikia pale kwenye daraja anabadilisha gia, anakwenda zake."

Nilihisi masikio yangu yanawaka moto. Nikasema, kwa sauti ndogo, "Samaki wanaharibika, Mama."

"Akirudi, ndiyo. Akienda amebeba nini?"

Tenga linakwenda tupu, wenzangu. Linakwenda tupu kila siku.

"Na zile ndizi?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Tunampa mbuzi. Amenenepa sana yule mbuzi. Mwanangu akija siku moja atamkuta ana afya."

Kisha akainuka kwa fimbo yake. Akapapasa ukutani, akatoa kile kikapu kidogo, kile kile, mfuniko umeungwa kwa uzi mwekundu. Akanijia. Akaanza kukunja magoti. Mama yangu mzazi, umri ule, anashuka chini kidogo kidogo kwa kushikilia fimbo, anipigie magoti anitolee kahawa. Nikaruka nikamshika mabega. "Mama, usifanye hivyo! Ni mimi!" Alikuwa mwepesi mikononi mwangu, sikutegemea. Akasimama, akaegemeza fimbo ukutani, akanishika uso kwa mkono huo, akapita juu ya pua, juu ya kovu la kidevuni nililolipata kwenye magome ya migomba. Hapo nikajua kwamba alinijua toka hodi ya kwanza.

"Chukua kahawa, mgeni," akasema. "Umepata bomba zuri. Sasa utapita nisikusikie. Ni vizuri, hatutaongeza ndizi za bure."

Nilitafuna ile kahawa nimeinama. Ilikuwa chungu, na ile harufu ya majani ilinirudisha utotoni moja kwa moja, nikiwa na vidole vilivyopigwa. Samaki siku hiyo sikununua.

Nilirudi kwa fundi Deo nikamwambia anirudishie ekzosi ya zamani, hata kama kopo limepotea kopo nitatafuta. Akaniangalia, akadhani ile mpya imeharibika. "Mzee, lile bomba si uliniambia nitupe? Nimemkatia mama muuza chapati, alikuwa anatafuta mguu wa jiko." Nikaenda kuangalia. Kweli, liko pale chini ya jiko lake, limebeba sufuria ya mafuta. Nikanunua chapati ili nipate sababu ya kusimama. Yule mama akaniuliza, "Unatafuta nini mzee, umedondosha kitu?" Nikasema hapana. Ningeweza kumwomba anipe, nimtafutie mguu mwingine, lakini lilikwisha kukatwa mara mbili, na wa kulia mluzi ule hayupo tena.

Nimejaribu kuziba pengo. Nikifika mwinuko napiga honi. Mama anasema honi hata basi linapiga. Nikamwomba Deo atoboe tundu dogo kwenye ekzosi mpya, akakataa, akasema watu watasema fundi Deo hajui kazi. Basi sasa kilichobaki ni kusimama. Naingia nikienda, naingia nikirudi, samaki nawafunika majani mabichi ya mgomba na hawaharibiki hata kidogo. Kumbe hawakuwa wanaharibika tangu zamani.

Enzi zile sauti moja kutoka rweya ilitosha nyumba nzima ikapata habari, fagio likatembea na maji yakawekwa jikoni. Leo barabara ile zinapita pikipiki asubuhi mpaka jioni, zote zinalia sawasawa, na kila mmoja ana simu mfukoni ya kusema niko njiani, hata kama bado yuko kitandani. Mimi mwenyewe simu ninayo. Sikuwahi kumpigia.

Jana nilipita tena. Nilizima pikipiki uani, nikapiga hodi. Mpwa wangu alikuwa anapalilia nje, jembe la pili limeegemea ukuta pale pale Tata alipokuwa analiegemeza. Nililitazama sana. Mvi zimenijaa, magoti yananiuma, na nilikuwa nimesimama mlangoni nikiomba moyoni Mama anitume, anigombeze, aseme Kamugisha shika hilo jembe, umekaa tu.

"Karibu, mgeni," akasema, na nikasikia mkono wake unapapasa ukutani kutafuta kikapu.