Mkwe Wangu Dzombo na Ufa wa Tangi

Hapa Jilore wako wanaosema Dzombo ndiye aliyemaliza maji yetu. Wanasema kwa sauti, wapate kusikika. Mimi ndiye ninayeshika ufunguo wa tangi, tangu siku kifuniko kilipowekwa, kwa hiyo nitaeleza yalivyokuwa. Nilisoma hadi darasa la saba, enzi mwalimu alipokuwa mwalimu, na sijasahau kuandika. Wala sijasahau kitu kingine chochote, na hiyo ndiyo taabu yangu.

Dzombo ni mkwe wangu. Alimwoa binti yangu Kadzo mwaka ule wa mvua kubwa za El Nino. Alikuja na wazee wake kupitia tope hadi magotini, na hakukosea hata salamu moja. Kazi yake ilikuwa Watamu, hotelini. Alianza kwa kusugua vigae vya bwawa la kuogelea, kisha fundi mmoja wa Siaya aitwaye Odera akamfundisha kuziba. Aliziba vioo vya bafu, masinki, madirisha, na pembe za mabwawa mahali ambapo sakafu inakutana na ukuta. Akija nyumbani nguo zake zilinuka siki ya silikoni, ile gundi ya kuzibia, na vidoleni ana utando wake ambao alikuwa akiubandua polepole huku anazungumza.

"Wewe," Kadzo alikuwa akimwambia, "huko wanakuajiri au wanakutia kwenye achari?"

Naye anacheka mpaka anashika mbavu. Alikuwa mtu wa kucheka, Dzombo.

Mamba alimchukua Kadzo katika mto Sabaki mwaka 2009, mwezi wa pili, saa nne asubuhi, akiwa na wenzake watano. Wenzake walirudi na dumu lake. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kadzo alimwacha Sidi, binti wa miaka tisa. Baada ya matanga Dzombo hakulia tena mbele za watu. Alikwenda kwa chifu, akaenda kanisani, akaenda kwa kila mwenye sikio, mpaka kikundi chetu cha akina mama kikapata saruji ya kujenga tangi. Lilijengwa nusu ndani ya ardhi, likikinga maji ya paa la kanisa. Kila Jumapili yake ya mapumziko alikuja kubeba mawe. Siku lilipojaa mara ya kwanza, alisimama pembeni na kofia mkononi akasema, "Basi. Sidi hataujua mto."

Na kweli hakuujua. Miaka kumi na mitatu hakuujua.

Sasa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kwetu mkwe haingii ovyo nyumbani kwa mama mkwe. Hawatazamani usoni, hawahojiani. Akiwa na neno anasimama uani, ananipa bega, na neno lenyewe linapitia kwa Sidi hata kama nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Mimi na Dzombo tumeishi hivyo muda wote huu bila kuvunjiana heshima, na nilikuwa nikijivunia.

Wakati wa korona hoteli ilipunguza watu, Dzombo akarudi nyumbani na sanduku la vyombo na bunduki yake ya kukamulia silikoni. Sidi alikuwa mtu mzima tayari, ana mchumba huko Dabaso. Kisha mvua zikakata. Msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tangini maji yalikuwa yakinifika kifuani, nasi tulikuwa nyumba thelathini na nane. Niliweka sheria: madumu mawili kwa nyumba kwa wiki, na anayenuna anune. Nilipima kwa fito kila asubuhi. Ndipo nikaona maji yanashuka vidole vinne zaidi kwa siku kuliko tunayochota.

Dzombo aliingia, akapapasa kwa unyayo, akatoka. Ufa ulikuwa pembeni, sakafu inapokutana na ukuta, mrefu kama mkono.

"Mwambie mama," alimwambia Sidi pale uani, "ufa kama ule dawa yake ni kutoa maji, tangi likauke siku tatu, lizibwe."

"Mwambie baba yako," nikasema, "nikiyatoa nitayatia wapi? Kwenye leso?"

"Baba, hawe anasema..." Sidi akaanza. Hawe kwetu ni bibi.

"Nimesikia, mwanangu. Mwambie watu wagawane."

"Na wewe mwambie, wakigawana yote kwa siku moja, wiki ya pili wote wako mtoni."

Hapo Dzombo alichora chini kwa kidole cha mguu. Mwishowe akasema, "Basi lizibwe na maji yake ndani."

"Hiyo inawezekana?" Sidi akauliza.

"Sijui. Hotelini tulikausha kwanza. Lakini Odera alikuwa akisema silikoni inagandishwa na unyevu, inaunywa kutoka hewani. Kama inakunywa hewani, labda na majini inakunywa. Lazima ijaribiwe kabla sijalitia tangi hatarini."

Alifanya kama fundi anavyotakiwa kufanya, na hilo nataka lijulikane. Alivunja vipande vitatu vya plasta kutoka ukutani ndani ya tangi, mahali ambapo pamekuwa chini ya maji miaka yote. Plasta ya mahali kama hapo ina utelezi mwembamba, hauna rangi, huuoni kwa jicho. Unaujua ukipitisha kidole. Aliichagua kwa sababu ya utelezi huo, ili jaribio lifanane na ukuta wenyewe. Akavitia kwenye sufuria ya maji, akaiacha barazani kwangu penye kivuli, akaenda Malindi kutafuta dawa.

Alipofika duka la vifaa vya ujenzi, mwenye duka, mama mmoja aitwaye Phoebe, alimwuliza, "Unaziba nini, baba?"

"Maji."

"Maji hayazibwi, yanauzwa. Chupa ziko pale kwenye friji."

Alipomweleza, aliacha mzaha. Alimpa aina tatu za kujaribu: ile nyeupe ya wapaka rangi, ile nyeusi ya kuziba mabati, na silikoni safi isiyo na rangi, ya matangi ya samaki wa mapambo, isiyo na dawa ya kuua kuvu ndani yake.

Nyumbani nami niliiona ile sufuria. Nilitia mkono, nikakuta mawe ya plasta yanateleza kama bamia. Chombo cha mkwe kikiingia kwako hakirudi kama kilivyokuja, kinarudi kisafi. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyomlea Kadzo. Nilichukua jivu na kumbi la nazi nikavisugua vipande vile kimoja kimoja mpaka vikakwaruza mkono. Nikavisuuza kwa maji ya fungu langu mwenyewe, nikavianika kwenye jamvi, jioni nikavirudisha kwenye sufuria iliyong'aa, na maji safi, na sahani ya kufunika. Sidi alikuwa kisimani kwa jirani kuomba maji ya chumvi ya kunyweshea mbuzi. Hakuna aliyeniona, wala sikuona sababu ya kutangaza.

Kesho yake Dzombo alipanga ndoo tatu chini ya mwarobaini. Mkono aliuvisha mfuko wa nailoni, kwa sababu silikoni mbichi inang'ang'ania ngozi kuliko kitu kingine. Akazamisha kila kipande, akaingiza mdomo wa bunduki majini, akafyatua, akabonyeza dawa kwa kidole kile kilichovishwa. Kisha tukangoja.

Ile nyeupe ya wapaka rangi, kufika jioni maji yote yalikuwa kama uji wa mtoto. Akaimwaga. Ile nyeusi ilibaki inanata siku zote tano, na juu ya maji ikaachia mafuta ya rangi rangi. Mbuzi alinusa akaondoka. Ile ya matangi ya samaki siku ya kwanza ilifanya ngozi. Siku ya tatu ukiibonyeza inarudi. Siku ya tano Dzombo aliishika kwa koleo akavuta juu, na kipande cha plasta kikatoka majini kinaning'inia, kimeshikwa.

Watu walikuwa wamekusanyika. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Baba," Sidi akasema, "hii inashika kuliko mchumba wangu."

Dzombo alicheka. Miaka kumi na mitatu sikuwa nimesikia kicheko kile, nikageuza uso, na si kwa ajili ya adabu.

Ijumaa asubuhi nilifungua kufuli. Alijiosha mwili mzima kwanza, akavaa kaptura mpya. Mimi nilisema kwa Sidi, "Mwambie baba yako asisugue huko chini. Watu wanakunywa maji haya. Akikoroga uchafu, nani atakunywa?"

Dzombo akajibu, bega limenielekea, "Mwambie mama hakuna haja ya kusugua. Vile vipande havikusuguliwa, na vimeshika."

Nilisikia. Nimeliandika kama alivyolisema. Nilikuwa nimekaa pale juu ya kifuniko, ufunguo shingoni, na lile neno likanipita kama nzi. Nilidhani anazungumza mambo yake ya kifundi. Kama angekuwa mtu mwingine yeyote ningemwambia, "Vipi havikusuguliwa? Mimi nilivisugua." Lakini mkwe hakatizwi neno, na mama mkwe hatoi kazi za mikono yake hadharani kama anaomba sifa. Nikakaa kimya na heshima yangu.

Alizama mara nyingi, hata sikuweza kuhesabu. Alikuwa akibana pumzi, anatoweka, anarudi na macho mekundu, anabadilisha mrija wa dawa, anazama tena. Mirija minne kati ya sita aliyonunua kwa Phoebe ilikwenda. Alipotoka midomo ilikuwa ya buluu, na jua kali.

Jumamosi fito ilionyesha maji yamesimama. Hayakushuka hata nusu kidole. Nikapima mara tatu. Jumapili kanisani waliimba wimbo wa shukrani, na mhubiri akamtaja Dzombo kwa jina, naye akainamisha kichwa akitazama mikono yake. Siku hiyo sikufungua kufuli. Tuliamini, basi kwa nini nipime?

Jumatatu nilifungua nikateremsha fito. Iligonga chini na kurudi na tope kwenye ncha.

Dzombo aliteremka kwa ngazi. Nasi juu tuliinama kutazama. Silikoni ilikuwa imelala sakafuni, nzima, imeganda vizuri kabisa, kama gamba la nyoka. Upande uliokuwa umelalia ukuta ulikuwa laini unang'aa. Haikuwa imeshika ukuta. Ilikuwa imeshika utelezi. Ila ncha moja, mahali plasta ilipokuwa mbovu lakini haina utelezi mwingi, ndiyo iliyoshika, na maji yalipoingia nyuma yake ikajiinua na kuondoka na plasta, bamba kubwa kama sinia. Ufa wa mkono ulikuwa sasa shimo.

Alipitisha kidole kitupu ukutani. Akakipitisha tena.

"Sidi," alisema kutoka mle chini, na sauti yake ilikuwa na mwangwi, "muulize mama kama vile vipande..."

Hakulimaliza swali, maana mkwe hamhoji mama mkwe. Hata hapo, ndani ya tangi kavu, hakulimaliza.

Basi mimi ndiye niliyevunja mwiko. Nilisema mwenyewe, nikimtazama, "Niliviosha."

Akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona macho yake yote mawili kwa pamoja. Yana weusi wa ndani sana, sikuwa nikijua.

"Kwa jivu?"

"Kwa jivu na kumbi la nazi."

Akateremsha macho. "Vilikuwa safi sana, mama," akasema.

Hilo tu. Wakati watu walipomzunguka na kumpigia kelele, huyu akisema ametiwa mkosi, yule akisema fundi wa hoteli anajua vioo vya wazungu tu, yeye alijibu, "Nilikosea kipimo." Siku hiyo, na siku zote baadaye: nilikosea kipimo. Sidi alifungua mdomo aseme, baba yake akamtazama, akaufunga. Na mimi, mwenye ufunguo, mwenye darasa la saba, mwenye kusema ukweli kwa chifu na kwa mhubiri, nilishika njia nikaenda nyumbani. Ndiyo maana nimeandika. Aliyekosea kipimo ni mimi.

Wiki ile ile alirudi tangini peke yake na brashi ya chuma. Akasugua, akapiga plasta upya, akaacha ikauke, kisha akaziba kwa mirija miwili iliyobaki. Nimeteremka mwenyewe na magoti yangu haya kwenda kutazama. Nimepitisha kidole pale pembeni. Pameshika barabara, hata ukucha hauingii. Mwezi wa tano sasa tangu hapo, paa la kanisa halijateremsha tone.

Sidi alibeba dumu kwenda mtoni Jumatano ile ya kwanza. Hakusema kitu, alijifunga leso tu. Dzombo alitangulia mbele na rungu na kopo la mawe. Tangu hapo anasimama ukingoni kila asubuhi wakati wanawake wanachota, anatupa jiwe moja moja majini mahali anapoona pametulia mno, na midomo yake inakwenda: anahesabu vichwa. Lakini mto nao unashuka. Mwezi uliopita walichota wakiwa kwenye mchanga. Sasa wanaingia topeni hadi magotini kuyafuata maji yalikokwenda, na jiwe la Dzombo halifiki mbali hivyo.

Ufunguo bado ninao shingoni. Hakuna aliyeuomba.

Jana walirudi wote. Leo wametoka saa moja, na jua limeshapanda juu ya kanisa. Nimekaa barazani nasikilizia mlio wa madumu yakirudi.