Pembe nilizomtengenezea Zuhura

Paji langu la uso linawaka moto.

Igizo la tandala niliandika mimi. Mwalimu akampa Zuhura awe tandala, eti sauti yangu haifiki dawati la pili.

"Wewe tengeneza pembe," Zuhura akaniambia. "Mdomo wenyewe huna." Darasa zima likacheka.

Nikachonga sponji ya godoro, nikaipaka tabaka jembamba la udongo wa mfinyanzi. Pembe zikawa nyepesi kabisa. Kisha nikazing'arisha kwa mafuta ya maganda ya korosho.

Sisi wa Lionja, kijiji cha mikorosho, tunajua yanababua ngozi. Zuhura amehamia kutoka mjini.

"Mbona zinanuka?" aliniuliza jana mazoezini.

Nikazidi kuzikaza kichwani mwake.

Leo tumefika Ruangwa kwenye mashindano, paji lake limejaa malengelenge, hawezi kuvaa kitu.

"Nani mwingine anajua maneno?" mwalimu akauliza.

Nikanyoosha mkono.

Zuhura mwenyewe akanifunga zile pembe, akazikaza vizuri. "Usiogope, dada. Sauti yako itafika."

Ningekataaje bila kusema sababu?

Nimeigiza mpaka mwisho, na wa benchi la nyuma wamenisikia. Zuhura amepiga makofi kuliko wote.

Nawaandikia hapa kwa sababu hayumo kwenye kundi hili la simu. Nimwambie?