"Ana Masters": Neno Nililoliandika kwa Mkono Wangu

Admin, ficha jina langu, na kituo changu cha basi pia ukifiche, maana Waswahili wa Edmonton tunajuana mpaka mabegi. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, kwetu Tanga, nina watoto wawili, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikiteleza ulimi mnisamehe mapema.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba. Alinilea mdogo wake, Mamdogo, na ndiye aliyenivuta huku London. Sasa ana miaka sitini na nne, ana presha ya kupanda, na Kiingereza chake kinaishia kwa dereva wa basi. Barua zake zote namsomea mimi: za GP, yaani daktari wa mtaa, za council, za hospitali. Akina mama wa kikundi chetu cha Waswahili walipoona hivyo, na wao wakaanza kuniletea za kwao. Nikawa mkalimani wa mtaa mzima. Nisiwadanganye, nilijisikia.

Mwaka jana akaja kikundini mama mmoja, nitamwita Bi Nuru. Mwenzetu kabisa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Anafundisha reiki. Kwa msioijua, ni ile ya kumlaza mtu kitandani ukampitishia mikono juu juu, eti nguvu za uhai zimwingie. Sikuona ubaya. Mtu analala nusu saa, anaamka kachangamka, tatizo liko wapi? Akaniomba nimtafsirie kipeperushi chake kwa ajili ya akina mama. Kwa Kiingereza kiliandikwa kwamba yeye ni "Reiki Master".

Jamani, kwetu mtu akiwa na masters, ana nini? Si kamaliza chuo kikuu, akarudi akaongeza tena? Kaka yangu alipopata ya kwake ukoo ulichinja mbuzi. Basi nikaandika: "Mtaalamu mwenye shahada ya uzamili katika tiba ya reiki." Hiyo "tiba" nayo niliiongeza mimi, nikaona inapendeza. Nikampelekea aikague. Akasoma yote, akarekebisha koma moja, akaniambia, "Mashallah, mdogo wangu, umenitendea haki."

Koma aliiona. Uzamili hakuuona!

Tangu hapo kikundini ikawa "yule ana masters, yule kasoma." Mamdogo akawa hanywi hata panadol bila kumuuliza Bi Nuru. Siku moja nimekwenda kumpikia, nafungua bati la biskuti, nakuta vidonge vyake vya presha vya miezi miwili havijaguswa. Namuuliza, ananijibu bila wasiwasi, "Bi Nuru kasema mwili ukishaanza kujisafisha, vidonge vinauzibia njia."

Wiki ileile, akiwa anamenya viazi, mkono wa kushoto ukafa ganzi na mdomo ukaenda upande kwa dakika kama kumi. Hospitali wakasema kile ni kiharusi kidogo kilichopita, na kikubwa kinaweza kufuata. Nilimtafsiria neno kwa neno. Akamwitikia daktari "yes, yes", akarudi nyumbani, vidonge akavirudisha kwenye bati.

Hapo ndipo nilipoanza kumchimba yule mwanamke, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kushika kalamu. Cheti chake cha ukutani: Master yenyewe ni mafunzo ya wikiendi mbili, moja ya hizo kwenye kompyuta. Chuo anachodai kinamtambua, anuani yake ni nyumba yake mwenyewe. Yaani kajitambua! Hospitali "anayoshirikiana nayo" nikaipigia simu: alifika mara moja, akaacha vipeperushi mapokezi. Na hapa Uingereza hakuna anayekukataza kujiita Master wa reiki. Hata mimi nikitaka, kesho naamka Master.

Nikamfuata kwake. Nikamwambia, "Wewe huna masters yoyote." Akacheka, akanimiminia chai.

"Mdogo wangu, ni lini nimesema nina digrii? Nimesema Master, na Master ninayo. Hiyo digrii umenipa wewe."

"Sasa mbona hukurekebisha?"

"Nani anakataa zawadi?"

Haki ya Mungu nilitamani kummwagia ile chai. Sikummwagia, na hilo najuta mpaka leo.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mamdogo, nikapiga magoti nikakiri. Nikamwambia nilikosea, yule hana shahada, neno ni langu. Akanitazama kwa huruma. Akatoa kile kipeperushi, kakivalisha plastiki kama kitambulisho, akaweka kidole pale kwenye uzamili. "Mwanangu, miaka yote hii umenisomea barua, hujakosea hata moja. Uje ukosee hii? Umechoka na kazi, kalale."

Sasa Jumapili hii Bi Nuru anamsimamisha Mamdogo mbele ya kikundi aeleze alivyoachana na vidonge. Kuna mama mwenye sukari kashaniuliza kama na yeye aache sindano. Nimemwambia asithubutu. Kaniitikia vilevile Mamdogo alivyomwitikia daktari.

Nikisimama nikasema ukweli, namuaibisha aliyenilea mbele ya shoga zake, Bi Nuru ananigeuzia kidole, na hakuna atakayeniletea barua tena. Basi zisiletwe! Lakini kama hata nikisema hataamini, nitakuwa nimemvunjia heshima bure. Watoto wangu wananiambia, "Just tell her, Mum." Nimeshamwambia!

Leo ni Alhamisi. Nishaurini, nifanye nini? Ila naomba mtu asije kuniambia nitafute namna ya kumfanya Mamdogo aniamini. Ananiamini. Ndiyo maana hamezi dawa.