Kioo Kwenye Lori la Maji

Shemeji yangu na mimi hatukuwahi kupendana, na sitajifanya leo eti tulipendana. Yeye alikuwa Mganda wa Tororo, mdogo wa marehemu mume wangu. Mimi ni Mkenya wa Bungoma. Mume wangu alipofariki alituachia lori moja la maji, nusu ya shemeji, nusu yangu, utadhani lori hukatwa katikati kama mkate. Shemeji ndiye aliyeendesha. Mimi nilikuwa na hoteli ya mabati pale Nyakuron, mjini Juba, nauza chai na chapati, na kila jioni nilimngoja na maswali.

Zilikuwa siku nzuri za kuuza maji. Uhuru ulikuwa bado mbichi, bendera mpya zilipepea hata kwenye pikipiki, na kila mtu alikuwa anajenga. Watu walihamia mtaa mpya wa Gudele bila kungoja mabomba, na walifanya vyema kutongoja, maana hayakuja. Malori yalishuka mtoni asubuhi na mapema, yakapanga foleni kwenye mashine za kuvuta maji, kisha yakapanda kwenda kujaza matangi na mapipa majumbani. Akina mama walisimama milangoni wakipunga vitambaa na kuita "Moya! Moya!", ndiyo maji kwa Kiarabu cha Juba. Dereva aliyefika wa kwanza alipokewa kama bwana harusi.

Lori letu lilikuwa kizee, na vitu viwili vilikuwa vimeharibika. Cha kwanza kilikuwa geji. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini, hauinuki hata injini ikichemka, na wa oili ulikuwa umeganda katikati miaka nenda rudi. Kwa lori la maji hilo si jambo dogo, kwa sababu kazi yake kubwa huifanya likiwa limesimama: injini inanguruma ili kuendesha pampu, na dereva yuko juu ya tangi au nyuma ameshika mpira wa maji, mbali na dashibodi. Cha pili kilikuwa stata. Injini ikiwa baridi ilishika. Ikishapata moto, ukizima, ilikujibu ka, ka, ka, basi. Ungoje ipoe au utafute watu wa kusukuma, na lori lenye maji nani atalisukuma?

Siku injini ilipochemka Gudele hadi ikatoa moshi, tulikubaliana kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Tukaenda Hai Jalaba kwenye duka la spea.

Muuzaji alituwekea vitu viwili mezani. Upande mmoja, geji za kawaida za mshale, mbili, za duara, zenye kioo na rangi nyekundu pembeni. Upande wa pili, kioo cha dijitali, kipana kama kiganja. Kilionyesha joto kwa namba, presha ya oili, nguvu ya betri. Joto likizidi kilipiga kelele ya kusikika hadi nyuma ya tangi. Kisha yule muuzaji, mtu mwenye mdomo mtamu ambaye hadi leo simpendi, akaongeza jambo moja: kilihesabu masaa ambayo injini imenguruma, siku kwa siku, na kilikumbuka.

Hela tulizobeba zilitosha kioo hicho peke yake, au geji za mshale pamoja na stata mpya.

"Shemeji, mshale inatosha," akaniambia. "Mimi iko na macho. Tuchukue mshale na stata. Hii kioo itaniambia gari imechemka, lakini haitawasha gari."

"Ukiwa juu ya tangi umeshika mpira, hayo macho unayaacha kwenye usukani?" nikamuuliza.

Hapo nilisema kweli. Lakini kweli yangu ilikuwa kifuniko tu. Miezi michache kabla, mama mmoja wa Gudele aliyekuja kunywa chai alinisifia maji ya lori letu, kwamba siku ile ya Alhamisi yalikuja safi kabisa. Alhamisi hiyo shemeji alikuwa ameniambia lori limeharibika, halikutoka hata kidogo. Sikumuuliza. Nililiweka moyoni, likaota mizizi. Kwa hiyo nilipomsikia muuzaji akisema kioo kinakumbuka masaa, habari ya joto iliniishia papo hapo. Nilitaka kitu cha kukaa garini badala yangu.

Naye alijua. Alikitazama kile kioo, akanitazama mimi, akasema, "Unaninunulia askari."

"Kama huibi, askari wa nini kukuogopesha?"

"Sawa," akasema. "Wewe ni mke wa kaka."

Fundi wa waya alikifunga siku hiyohiyo, akang'oa geji za zamani na kuzitupa. Kioo kilikuwa cha kuchomoa, kama uso wa redio ya gari, kwa sababu Juba ukikiacha kwenye lori hukikuti asubuhi. Kilikuwa na betri yake ndogo ndani. Basi ikawa desturi: kila jioni shemeji alikichomoa, akaja nacho hotelini, akakiweka mezani karibu na mkebe wa sukari. Nilifuta mikono kwenye kanga, nikabonyeza, nikasoma masaa kwa sauti mbele ya wateja, nikiyalinganisha na safari alizonitajia.

"Masaa sita na dakika kumi. Safari nne. Sawa."

Ile "sawa" niliitamka kama mwalimu anayetia alama kwenye daftari. Yeye alikula bila kuinua kichwa. Nilifurahia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: kila jioni, kwa dakika moja, nilikuwa mkubwa wa mtu aliyenichukia, na chai yangu ilikuwa tamu zaidi baada ya hapo.

Na kioo hakikuwa kibovu. Siku moja mpira wa rejeta ulipasuka akiwa juu ya tangi, kikalia, akaruka chini na kuzima kabla injini haijafa. Jioni alinisimulia mwenyewe, kwa shingo upande. Nilimkumbusha jambo hilo kila wiki mpaka akawa anatoka nje nikilianza.

Kisha ikaja Desemba, na vita vipya. Siku tatu tulilala sakafuni hotelini, yeye upande wa jiko, mimi nyuma ya magunia ya unga, tukisikiliza milio. Hatukutukanana siku hizo tatu, na ni rekodi. Tulipotoka, mji ulikuwa umegeuka. Kuna nyumba za Gudele tulizokuwa tukizipelekea maji zilibaki wazi, mapipa yamepinduliwa, hakuna wa kupunga kitambaa. Wakenya na Waganda wengi walipanda mabasi wakarudi kwao. Sisi tulibaki kwa ajili ya lori. Nusu yangu haikuweza kuondoka bila nusu yake.

Biashara ilirudi polepole, na hapo ndipo namba zilipoanza kunichoma. Safari mbili, masaa manane. Safari moja, masaa saba. Zamani safari nne zilikula masaa sita tu. Nikapiga hesabu yangu kichwani, nikapata jibu nililokuwa nikilitafuta tangu ile Alhamisi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia mbele ya watu, chapati ikiungua jikoni. "Hizo safari nyingine unamuuzia nani?"

"Hakuna safari, shemeji. Ni foleni. Pale mtoni hakuna mtu anazima gari siku hizi. Watu wa bunduki wanakuja kuchukua magari. Ukisikia kelele unaondoka. Sasa hii yetu nikizima ikiwa moto, nitaiwasha na nini?"

"Kwa hiyo dizeli yangu inaungua ili wewe usiogope."

"Eeh," akasema. "Inaungua ili nisiogope."

Nikamwita mwoga. Nikasema marehemu asingekimbia kelele. Kutoka Nyakuron hadi mtoni si safari. Ningefunga hoteli asubuhi moja, nikaenda, nikaona kwa macho yangu malori yote yakinguruma kwenye foleni, madereva wakiwa wamekaa milango wazi. Sikwenda. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi macho yangu niliyagandisha kwenye kile kioo. Sikutaka kujua. Nilitaka awe mwizi.

Nikamwekea sheria. Foleni ya mtoni, injini izimwe. Nitasoma jioni, na nikikuta masaa yamezidi nauza nusu yangu kwa mtu wa kwanza atakayeiuliza, waendeshe pamoja.

"Sawa," akasema.

Alitii. Hilo ndilo linaloniudhi hata sasa, kwamba alitii. Angeweza kuchomoa waya mmoja tu, akasingizia kioo kimekufa. Mtu wa ufundi kama yeye hakosi ujanja. Hakufanya hivyo. Namba zikashuka. Masaa matatu, masaa mawili na nusu. Nikamwambia kila aliyetaka kusikia kwamba nimemkomesha.

Yaliyotokea mtoni nilielezwa baadaye na dereva Mhabeshi aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Lori letu lilikuwa limesimama karibu na mashine, tangi likijaa, injini imezimwa, bado moto. Risasi zikalia upande wa barabara. Malori yakaondoka yote, mengine mipira ikiwa bado inaning'inia na maji yakimwagika njiani. Letu likasema ka, ka, ka.

Wale watu wa bunduki walimkuta bado anazungusha ufunguo. Wakamwambia aliwashe, wanalitaka. Akajaribu mbele yao, likakataa. Mmoja akakiona kioo kinawaka namba zake, akaamua hicho ndicho kinachofunga gari, kwamba kuna namba za siri na dereva anazificha. Wakamwamuru aziingize. Shemeji akaweka mkono kwenye kioo, akibonyeza kuwaonyesha kwamba kinahesabu tu, hakifungi kitu. Wakampiga na kitako cha bunduki juu ya mkono uleule. Walirudia. Mkono huo, nasikia kwa ndugu zake wa Tororo, hadi leo haushiki usukani. Mwishowe waliling'oa lile dude na waya zake, wakalitupa topeni, wakalifunga lori kamba nyuma ya gari lao na kulivuta. Hatukuliona tena.

Mimi hayo sikuyajua. Nilichoona ni kwamba saa nane mchana, wakati wateja wa chakula bado wako, shemeji aliingia kwa miguu. Shati lake alikuwa amelizungushia mkono wa kulia. Niliona hana lori kabla sijaona damu, na neno la kwanza kutoka kinywani mwangu, nalikumbuka vizuri kuliko jina langu, lilikuwa, "Lori liko wapi?"

Alichomoa kile kioo kutoka kwapani, waya zikining'inia. Akakifuta tope kwenye suruali kwa mkono wa kushoto, pole pole, pande zote mbili. Akakiweka mezani karibu na mkebe wa sukari, mahali pake pa kila siku.

"Soma, shemeji."

Wateja walikuwa wameacha kula. Sasa nilikuwa nimeuona mkono. Nikasema, "Hebu nione huo mkono. Kaa, nilete maji."

"Soma kwanza."

"Shemeji, malesh, pole. Kaa chini."

"Mimi nilizima. Vile ulisema. Soma mbele ya watu, kama siku zote."

Nilifuta mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu. Nilibonyeza nikiomba kiwe kimekufa. Hakikufa, kilikuwa kitu imara, muuzaji hakudanganya. Namba zikatokea chini ya tope lililobaki pembeni, safi, hazina kosa. Nikaanza, nikakwama, nikaanza tena.

"Dakika arobaini," nikasoma.

"Sawa," akasema, na kwa mkono wake mzima akavuta kiti, akakaa.