Siku Niliyoshangilia kama Bardolini

Jamani, hii aibu naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Kamanga, maana wale wanaongeza chumvi mpaka mchuzi haunyweki (wanasema eti nilivua na kaptula, uongo mtupu, kaptula ilikuwepo tena ilikuwa na kamba). Kilichotokea ni kwamba nilimkumbatia mama mkwe wangu mtarajiwa hadharani, tumbo wazi, tukaanguka wote wawili chini, mumewe anaangalia na kijiji kizima kinaangalia. Na ninyi mnaojua mama mkwe ni nani kwetu Wasukuma, mtu ambaye hata mkikutana njiani mmoja anaingia porini kumpisha mwenzake, hamshikani mikono, hamtazamani usoni, hamli chombo kimoja, basi mmeshaelewa kwamba hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini nianze na mpira. Miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota kando ya ziwa kama uyoga, kila mwenye mtaji anafungua chake, na mimi asubuhi nilikuwa mpasua samaki katika kimojawapo na jioni nilikuwa mshambuliaji wa kati wa timu ya kiwanda. Sijisifu, ila nilikuwa mkali. Mfupi, ndiyo, lakini ukinipa mpira ndani ya boksi ujue umeshafunga, na mabeki wa Igoma na Buzuruga walikuwa wakisikia Shija anacheza wanaanza kulalamika kwa mwamuzi kabla mechi haijaanza.

Sasa pale kiwandani kulikuwa na fundi wa mashine za barafu, Mtaliano mmoja mwenye kitambi na Kiswahili cha kuungaunga, tulimwita Bwana Pietro, na huyo ndiye aliyenipa habari za Bardolini. Renzo Bardolini alikuwa mshambuliaji wa kwao, mtoto wa mvuvi wa ziwani kama sisi (mimi nilishangaa kusikia Italia nako kuna maziwa na watu wananuka samaki). Alipokuwa kijana timu kubwa ilimkataa kwa sababu ya ufupi wake, akaenda kucheza madaraja ya chini kwenye viwanja vya matope, akauzwa, akanunuliwa, akakaa benchi, akauzwa tena, mpaka mwisho akarudi kwenye timu ileile iliyomkataa akawa anaifungia kila Jumapili. Nilipoisikia hadithi hiyo nilijua Mungu ametuumba wawili, mmoja akamweka Italia na mwingine akamweka Mwanza.

Bwana Pietro akanipa na kanda ya video yenye magoli ya Bardolini tangu akiwa kijana mwembamba wa nywele nyingi. Tuliiangalia katika banda la video pale Igoma mpaka wateja wa filamu za ngumi wakaanza kudai wamechoka na Mtaliano wangu. Goli la mwisho kwenye kanda ile lilikuwa la kichwa, na alipolifunga Bardolini alishika jezi yake chini, akaipindua juu ikafunika uso wote, akatanua mikono kama ndege inatua, akakimbia namna hiyo haoni kitu, uwanja mzima umesimama. Hapo kanda inakatika. Muikumbuke hiyo sehemu, kanda inakatika akiwa anakimbia.

Niliufanyia mazoezi mtindo ule nyuma ya kiwanda, mapanki, ile mifupa ya sangara waliokwishapasuliwa, yakikaushwa huku na mimi nakimbia huku nimefunika uso, na wenzangu wakaanza kuniita Bardolini, nikaitika.

Wakati huohuo nilikuwa namchumbia Kabula, binti wa Mzee Lushinge wa Kamanga, ng'ambo ya kivuko. Mshenga wangu alikuwa ameshakwenda, ng'ombe wameshazungumzwa, ila Mzee Lushinge alikuwa hajatamka neno la mwisho. Mzee yule ujana wake wote alikuwa golikipa, na aliposikia timu yetu inakwenda Kamanga kucheza na vijana wa kijiji chake, alimwambia mshenga, "Mwambie aje acheze, nimtazame. Mtu anaweza kukuficha tabia mezani, uwanjani hawezi." Kwa hiyo mnaona wenyewe. Kwa wengine ilikuwa mechi ya kirafiki, kwangu mimi ilikuwa mke au hakuna mke.

Siku hiyo asubuhi tukiwa kwenye kivuko nikafanya uamuzi mdogo ulioniponza. Timu ilikuwa na jezi zake pana za bluu, lakini mimi nilikuwa nimepata jezi ya bluu ya Kitaliano kwenye mitumba pale Mlango Mmoja, nikasema leo ndiyo siku yake. Masalu, beki wetu na rafiki yangu, akaniangalia ninavyojikamua kuiingiza kichwa.

"Shija, hiyo jezi ni ya mtoto wa Kizungu. Itakunyonga."

"Ndivyo wanavyovaa Ulaya, wewe mshamba," nikamjibu. "Leo nikifunga, wakwe watanijua."

Nikawapa mashabiki wetu wa kiwandani maelekezo kabisa, kwamba nikifunga nitakimbilia kwenye kibendera cha kona ya kulia, wao wakae pale wanidake. Wakakubali. Kipindi cha kwanza wakakaa palepale nilipowaambia, na mimi sikufunga (nilipiga mwamba, golikipa wao hata hakuuona mpira ulipopita). Kipindi cha pili timu zikabadilishana pande, na wale mashabiki badala ya kuhamia upande wa pili nilikokuwa sasa nashambulia, wakakuta mama mmoja anakaanga mihogo, wakabaki hukohuko wanakula.

Na upande wa pili, kwenye kona yangu mpya, alikuwa amesimama mama yake Kabula. Mumewe alikuwa amemwambia aje amwone mkwe, lakini kwa mbali, kwa heshima, ndiyo maana tangu mwanzo wa mechi alijitenga na watu akaenda kusimama kona iliyo mbali kabisa na goli nililokuwa nashambulia, kanga yake ya njano imefunika kichwa, pembeni yake shangazi mmoja tu. Baada ya mapumziko akajikuta yuko karibu na mimi kuliko mtu yeyote. Kuhama hakuweza, maana ingembidi apite mbele ya wanaume wote wa kijiji.

Dakika za mwisho, bila kwa bila, Masalu akapiga mpira mrefu kutoka nyuma. Nikaukimbilia, nikaupokea kwa kifua, nikamwona golikipa anatoka, nikamvizia, nikauchopu taratibu juu ya kichwa chake. Wavu ungekuwepo ungetikisika. Jamani, goli lile hata leo nikifumba macho naliona, na nasema bila kuona haya kwamba Bardolini mwenyewe angelipigia makofi.

Nikapindua jezi.

Jezi ikapanda, ikafika usoni, ikabana. Nikatanua mikono, nikaanza kukimbia kuelekea kona ya kulia, sioni kitu zaidi ya bluu, nasikia tu kijiji kizima kinapiga kelele, na mimi nikajua ni kelele za kunishangilia, nikaongeza mwendo. Baadaye ndiyo nikaambiwa kwamba mwamuzi alikuwa ameshapuliza filimbi kabla hata sijapiga, nimeotea, na kwamba zile kelele zilikuwa za watu wanaoniambia nisimame. Kupitia kitambaa nikaona kitu cha njano kinayumba mbele yangu, na vijana wetu walikuwa na kitambaa cha njano, nikajua nimefika.

Nikaruka.

Nikamkumbatia barabara, mikono miwili, tukaenda chini, na mimi pale juu nimemng'ang'ania naona wenzangu wanachelewa kuja kunirukia. Nikapiga kelele ndani ya jezi, "Leo wakwe watanijua! Watanijua!" Kisha nikambusu kwenye paji la uso, kitambaa kikiwa katikati (namshukuru Mungu kwa kile kitambaa), nikijua nambusu mpishi wetu wa kiwandani, mtu mnene hivyohivyo.

Hapo nikasikia sauti ya kike chini yangu inasema, "Mayo wane!" Yaani mama yangu. Na kwa kweli sikuwa na cha kuongeza.

Masalu ndiye aliyefika wa kwanza, akaivuta ile jezi kwa nguvu mpaka masikio yakataka kubaki ndani yake, na nilipopata macho nikamwona mama mkwe anainuka, kanga ameivuta mpaka kidevuni, anakimbia kuelekea nyumbani na kiatu kimoja. Cha pili nilikuwa nimekikalia. Shangazi alikuwa ameshika kichwa, anazunguka palepale alipo, anasema, "Amemlalia mkwewe! Watu wa Kamanga, njooni muone, amemlalia mkwewe!" Kama kuna mtu alikuwa hajaona, sasa akawa ameshajua.

Nikageuka kumtafuta Mzee Lushinge. Alikuwa amesimama na wazee wenzake kwenye mstari wa kati. Alichukua kiti chake, akakikunja, akaondoka.

Kocha akanitoa, kisha mechi ikaisha bila kwa bila, na kivuko nacho kikachelewa kuja. Nilikaa pale gatini nimejifunika taulo, na kila aliyepita alinipa pole kwa sauti ya mtu anayejizuia kucheka. Watoto walikuwa wameshaanza mchezo, mmoja anafunika uso na shati, mwenzake anakuwa mama mkwe. Niliumia, nisiwadanganye. Nilikuwa nampenda Kabula, na nilijua nimempoteza kwa sababu ya mbwembwe zangu tu.

Kesho yake kiwandani nikamsimulia Bwana Pietro. Alicheka mpaka akashika mashine ya barafu asianguke, kisha akaniuliza, "Kanda yako inaishia wapi?"

"Anapokimbia, amefunika uso."

"Ah," akasema, akaacha kucheka. "Basi hukuona mwisho. Alikimbia hivyo, akagonga ubao wa matangazo, mfupa wa bega ukavunjika. Msimu mzima hospitali na nyumbani. Wakamuuza daraja la chini. Hakurudi tena juu."

Nilimtazama yule mzungu nikatamani kumfungia ndani ya chumba cha barafu. Miezi yote ile ananiona nakimbia nyuma ya kiwanda nimefunika uso, hakuona umuhimu wa kuniambia!

Ikabidi mshenga arudi Kamanga, kichwa chini, na mbuzi wa kusafisha mwiko na doti ya kanga mpya (na viatu, hilo niliongeza mwenyewe). Wazee wakakaa. Mimi sikuruhusiwa hata kupanda kivuko. Mshenga aliporudi jioni nilikuwa nimesimama gatini upande wa Mwanza tangu mchana, sijala kitu, nikamwuliza kwa macho tu.

"Mzee amesema hivi," akaniambia. "Kijana mpira anaujua, ila ana kiherehere. Kiherehere kinatibika ndani ya nyumba. Lete ng'ombe."

Nililia, ndugu zangu, pale gatini mbele ya wachuuzi wa dagaa, na palepale nikaapa kwamba nikifunga goli, hata liwe la namna gani, nitageuka nirudi katikati ya uwanja mikono nimeifunga nyuma kama mwalimu wa zamu. Kiapo hicho nimekishika. Nimefunga magoli mengi baada ya hapo, waulizeni watu.

Tukaoana. Mama mkwe na mimi tukaishi kwa heshima zetu, na habari ya siku ile hakuna aliyewahi kuigusa. Kabula alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake akaja Mwanza kumuuguza. Yeye akawa anakaa chumba cha nyuma na Kabula, mimi sebuleni, na likitokea neno la kuniambia analipitisha kwa binti yake. Jumapili moja nilikuwa nasikiliza mpira redioni, timu yangu ikanyimwa goli kwa kuotea, nikagombana na redio kwa sauti kubwa. Nilipomaliza, nikasikia mama mkwe anazungumza kule chumbani, kwa sauti inayonitosha kabisa.

"Kabula, mwambie mume wako. Siku ile hakuwa ameotea."

Nikapunguza redio.

"Yule beki wao mrefu alikuwa amechuchumaa mbele yangu anafunga kamba za viatu. Kila mtu alikuwa anamtazama mume wako, beki hakuna aliyemwona. Mimi nilimwona. Baba yako nimemwambia tangu usiku uleule. Mwambie lile lilikuwa goli."

Niliruka kutoka kwenye kiti, nikashika shati langu chini kwa mikono miwili, na tayari lilikuwa limefika kifuani nilipokumbuka nani yuko nyuma ya ukuta ule. Nikalishusha taratibu, nikalichomekea, nikaketi. Na ili nisiharibu tena, mikono yote miwili nikaikalia.